Basi Nekesa Ashindwe

Thika
Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kwako Waithira,

Salamu nyingi kutoka huku bekari. Ukiona alama nyeupe pembeni mwa karatasi ujue ni unga tu, usiipanguse, ni mimi huyo.

Najua umeshasikia. Huko kwako Kimbo si ng'ambo. Lakini wacha nikwambie vile sisi tulisikia, kwa sababu nikikaa nalo peke yangu kifua kitapasuka.

Jana mchana tulikuwa kwa Maggie kama kawaida. Kulikuwa na baridi ile ya kukaza meno, hoteli imejaa, na mvuke wa ndengu ulikuwa umeziba madirisha mpaka barabara haionekani. Ni kama tulikuwa ndani ya wingu na TV ndiyo dirisha la pekee. Nekesa wetu alikuwa anacheza tenisi kule Rabat. Seti ya kwanza akaichukua vizuri. Ya pili bega likakataa. Unajua vile yeye hurusha mpira juu kabla ya kuupiga, anautazama kama mtu anayengojea mgeni? Jana aliurusha, akautazama, akauacha uanguke. Akaurusha tena, akauacha tena. Mara ya tatu akaudaka, akautia mfukoni, akatembea polepole mpaka kwenye wavu, akampa mwenzake mkono. Walipomletea maikrofoni akasema, "Nimechoka, na sina uchungu na mtu. Naenda nyumbani." Alisema kwa Kiswahili, Waithira. Watu wa kule hawakuelewa kitu, walipiga makofi tu.

Kwa Maggie hakuna aliyepiga makofi. Mzee Gachanja, yule ambaye kwake kila mpira ni "nje! nje!", alivua kofia akaiweka juu ya meza. Kijana mmoja akasema sasa si tuwekewe mpira wa miguu. Maggie alimfukuza na mwiko mpaka nje, chapati yake akaiacha hapo.

Nilipolala nikauota ule mpira. Haukuanguka. Ulikuwa umesimama hewani juu ya mashamba ya mananasi, na watu wa Thika wote tulikuwa tumeinua vichwa, hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kazini. Hata wewe ulikuwepo. Ulikuwa umesimama karibu sana na mimi, nikawa naogopa, nikakwambia, "Songa, Waithira, utamfanya ashindwe." Nikaamka.

Ndiyo nikaanza kuwaza juu ya ile sheria yetu. Unakumbuka siku mvua ilipokusukuma ndani kwa Maggie, kitambaa chako cha yunifomu chini ya kwapa? Tulikaa meza moja bila kujuana. Nekesa alikuwa anaongoza, akashindwa. Ukarudi wiki iliyofuata, tukakaa tena meza ile, akashindwa na msichana ambaye hata mamake hamjui. Ukakosa kuja, akashinda. Nikakupigia simu katikati ya mechi nikupe habari, hapo hapo akapiga mipira miwili wavuni. Tukaapa: meza moja hapana, simu hapana. Tangu siku hiyo Ronny, dereva wa gari letu la mikate, amebeba barua zetu kati ya mikate, na Nekesa amekuwa Nekesa.

Sasa amestaafu. Sheria imebaki haina kazi, kama mimi siku stima imepotea. Sijui tutakuwa tukiandikiana nini.

Mwenzako katika ushabiki,
Kaleli

N.B. Maggie amenikasirikia tena kwa mambo ya kiti. Ni stori ndefu, nitakueleza siku nyingine.


Kimbo, Ruiru
6 Agosti 2025

Kaleli,

Niaje. Barua ilifika ikiwa bado na joto la mkate. Ronny ananicheka. Anasema dunia nzima wanatumiana meseji, sisi wawili ndio tumebaki na posta yetu, na stempu ni siagi.

Mimi nilikuwa nasikiliza kwa simu, nimeegemea cherehani. Unajua Nekesa akicheza mimi sishoni. Lakini siku hiyo, sijui ni nini, mguu ulikuwa unakanyaga wenyewe. Sindano inapanda na kushuka na hakuna kitambaa, tik-tak, tik-tak, kama mpira wao. Aliposema anaenda nyumbani mguu ukasimama. Aki nililia. Mama mboga wa hapo mlangoni akaniona, naye akaanza kulia, akaniuliza ni nani amekufa. Nikamwambia ni tenisi. Akasema, "Ngai, pole sana," na akaendelea kulia, maanake alikuwa ameshaanza.

Huku kwa ploti wasichana wadogo hucheza na vipande vya mbao. Kamba ya kuanikia nguo ndiyo wavu wao. Jioni hiyo mmoja alirusha mpira juu, akautazama, akauacha uanguke. Wenzake hawakumcheka. Kila mmoja akafanya hivyo hivyo kwa zamu, mpaka giza likaingia na mama zao wakawaita.

Nina habari. Binamu yangu Emmah ana duka la kushona Nakuru, kazi imemzidi. Ananiita tangu mwaka jana. Nimemwambia nitaenda mwisho wa mwezi huu, nikimaliza sketi za watoto wa shule. Cherehani itaenda na lori. Kama Nekesa ameweza kusema imetosha, mimi ni nani? Sioni tena cha kunishikilia huku.

Msalimie mwenye hicho kiti kinachokugombanisha na Maggie. Mwambie akae vizuri.

Waithira


Thika
8 Agosti 2025

Kwako Waithira,

Nakuru! Nimesoma mara nyingi mpaka Ronny akaniuliza kama ni barua ya korti. Hiyo oveni leo imeniunguzia kreti nzima ya mikate na mimi nimesimama mbele yake nikiitazama.

Nakuru ni mji safi, nimesikia. Emmah ana bahati. Mimi mdomo wangu haujui kupanga maneno, na mkono ndio huu umejaa unga.

Lakini salamu zako za kiti sijazielewa. Mwenye kiti gani? Hayo mambo ya kiti ni upuzi wangu tu na Maggie, siwezi kuyaandika, utanicheka mpaka Nakuru.

Nikwambie jambo zuri badala yake. Wametangaza Nekesa atacheza mechi moja ya kuaga, huko Nairobi, Jumamosi tarehe 23, na itaonyeshwa. Atacheza na yule msichana mpya wanayemsifu, wa miaka kumi na saba. Nimefurahi mpaka nikashindwa kula. Sasa sikiliza. Hii ndiyo ya mwisho kabisa. Mimi nitaitazama kwa Maggie, wewe itazame huko Kimbo, kila mtu mahali pake, simu tuzime. Tumpe ushindi wa mwisho Waithira, mimi na wewe, kama kawaida yetu. Akienda nyumbani aende ameshinda.

Halafu utaenda Nakuru salama.

Kaleli


Kimbo
12 Agosti 2025

Kaleli,

"Tumpe ushindi wa mwisho, kila mtu mahali pake." Haiya! Wewe ni mtu wa aina gani? Mtu anakwambia anahama, anafunga cherehani yake kwa kamba, na wewe unampangia mahali pa kukaa ili usimwone!

Basi acha nikwambie. Mwezi wa tatu, ile siku Nekesa alipocheza Lisbon, mimi nilikuwa Thika. Nilikuja. Nilikuwa nimechoka na karatasi, nataka kuona kama uso wako bado uko vile ulivyokuwa. Nilifunga leso kichwani kama mama wa sokoni nikaingia kwa Maggie, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango, nyuma ya mgongo mpana wa Gachanja. Wewe ulikuwa mbele. Shati lako lilikuwa na unga begani, nikatamani kulipangusa.

Na Nekesa alishinda, Kaleli. Mimi na wewe tuko ndani ya nyumba moja, paa moja, na akashinda! Nikajua sheria yetu ni ya uongo, miaka yote hii tumejinyima bure. Nikainuka nije nikuguse bega nikwambie.

Hapo ndipo nikaona kiti kando yako. Koti lako limetandikwa juu yake vizuri, mtu angedhani ni kitanda cha mtoto. Mbele yake kikombe cha chai, na mbele yako kikombe kingine. Mwanamume mmoja akataka kukaa hapo, ukaweka mkono juu ya kiti ukasema, "Hapana bwana, kina mwenyewe." Ulisema polepole hivi, na uso mwingine ambao mimi sijawahi kuuona.

Nikavuta leso nikatoka. Mwenyewe sikumngoja. Sina haja ya kumjua.

Nilikuandikia baada ya hapo kama hakuna kitu, kwa sababu kulikuwa na Nekesa. Sasa hakuna. Usiniandikie tena. Ronny nimemwambia akiniletea barua ya Kaleli sinunui mkate wake mpaka niondoke.

Waithira


Thika kwa hoteli
18 Agosti 2025

Waithira mami,

Sasa. Ni mimi Maggie wa hoteli. Sijaandika barua tangu nitoke shule kwa hivyo vumilia huu mwandiko. Ronny amesema hawezi beba barua ya Kaleli, ameapa. Nikamwambia sawa, hii ni yangu.

Mami, huyu mtu wako ameharibika. Tangu upate hasira yeye huja hapa, anaagiza chai mbili, anaziangalia zote mpaka zinapoa. Nilimnyang'anya barua yako nikasoma. Usikasirike, nilikuwa nataka kujua kama nimwite daktari ama pasta.

Sasa nikwambie juu ya kiti na unisikize vizuri, kwa sababu hicho kiti kimenimaliza. Kila siku hiyo Nekesa inacheza, hoteli inajaa, watu wamesimama mpaka kwa sinki, na huyu Kaleli ameshika kiti moja hataki mtu akalie. Nimemgombeza mimi! Nimemwambia hata kanisani watu husongeana. Anasema kina mwenyewe. Namuuliza mwenyewe ako wapi, anasema ako Kimbo.

Ako Kimbo! Si ni wewe?

Hukukijua kwa sababu nilipaka viti zote rangi ya bluu. Lakini unakumbuka siku ya kwanza ukija na mvua, msumari ulishika sketi yako ukairarua hapo nyuma? Ukasema fundi ametembea na nguo imepasuka, watu watasema nini. Hicho ndicho kiti. Siku hiyo hiyo ulipoenda Kaleli aliomba nyundo kwa jirani akaupiga huo msumari mpaka ukalala. Ukija uweke kidole chini ya kiti upande wa kushoto utaugusa mwenyewe.

Chai ni yako pia. Hukuwahi kuja kuinywa, kwa hivyo siku za mechi anakunywa zote mbili, na ya pili huweka sukari nyingi. Nikamuuliza kwa nini na yeye hapendi sukari. Akasema wewe ndio unapenda.

Mimi nimeolewa mara moja na hakuna mtu aliwahi nishikia kiti. Ngai fafa, mnanichosha nyinyi wawili.

Kuna karatasi ingine hapa ndani ya bahasha. Sijui iliingiaje.

Ni mimi,
Maggie


Thika
18 Agosti

Waithira,

Maggie amekwambia yote. Nimeona aibu mpaka masikio yanawaka, lakini pia nimepumua.

Nilikishika kile kiti kwa sababu sikuweza kukaa na wewe na sikuweza kukaa bila wewe. Nikikifunika na koti, nikisikia harufu ya chai yenye sukari nyingi, kwa muda mfupi naona kama umeenda tu kuosha mikono, unarudi. Nekesa anarusha mpira, na mpira ukiwa bado juu, ninakuwa na uhakika kabisa kwamba unarudi. Ukishuka, hakuna mtu.

Nakupenda. Nimeandika hivyo na mkono haujakauka. Neno hilo nilipaswa kuliandika kabla ya mambo mengine yote ya Rabat na Lisbon.

Sasa kuna jambo moja lazima niseme kama shabiki mwenzako, maanake ukweli ni ukweli. Unasema mwezi wa tatu ulikuwa ndani na Nekesa akashinda, kwa hivyo sheria ni ya uongo. Hapana, Waithira. Sheria ilisema meza moja. Wewe ulikuwa nyuma ya Gachanja. Kiti chako kilikuwa kitupu. Sheria bado ina nguvu, na mimi naiamini vile naamini oveni ni moto.

Kwa hivyo najua ninachokuomba. Jumamosi ni mechi yake ya mwisho duniani. Njoo ukae kwenye kiti chako.

Basi Nekesa ashindwe.

Kaleli


Thika
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mpendwa Nekesa,

Hutujui. Sisi ni mashabiki wako wawili, mmoja anashona nguo Kimbo na mwingine anaoka mikate Thika. Barua hii tumempa Ronny, ambaye ana shangazi aliyeolewa Bungoma, na yeye anasema anajua mtu anayejua lango la kwa mama yako. Tunatumaini itafika.

Jana ulishindwa. Redioni wamesema ni bega, na kwa gazeti wameandika ni umri. Wasikudanganye. Ni sisi.

Tuna sheria kwamba tukikaa meza moja wewe unashindwa. Tumeitii miaka mingi, na ushindi wako wote mkubwa sisi tulikuwa mbali mbali tukikulinda. Jana tuliivunja tukiwa na akili timamu. Mimi Waithira nilifika mapema. Kabla sijakaa niliingiza kidole chini ya kiti upande wa kushoto, nikaugusa msumari. Umelala kabisa. Kaleli alikuwa ametoa koti lake, na hakujua aliweke wapi, akabaki amelikumbatia kama mtu aliyeokota kuku barabarani. Nikalichukua nikalivaa, maanake kulikuwa na baridi. Maggie akaleta chai mbili. Hoteli nzima waligeuka kututazama mpaka Gachanja akaanza kupiga kelele "nje! nje!" na mechi haijaanza.

Seti ya kwanza ulishinda, na Kaleli akaanza kuniangalia kwa kicho, kana kwamba labda sheria imetusamehe. Ya pili ukashindwa. Ya tatu mkaenda sawa sawa mpaka yule msichana akabakisha pointi moja. Mpira ulikuwa kwako, na wa kwanza ulikuwa umeshagonga wavu. Hapo huyu mtu wangu akainuka. Jasho lilikuwa linamtoka. Akasema, "Waithira, nikitoka nje sasa hivi, nikisimama tu hapo mlangoni, anaweza kuokoka."

Nekesa, utusamehe. Nilimshika shati nikamwambia, "Kaa."

Akakaa.

Ukaurusha mpira. Dirisha lilikuwa limejaa mvuke, hakuna barabara, hakuna Thika, ni ule mpira tu uko juu umesimama, na mkono wa Kaleli uko ndani ya wangu, na unga wake umeniingia kwenye vidole. Sijui ulikaa huko juu muda gani. Kwetu ulikaa sana. Halafu ukashuka, ukaupiga, ukaenda nje. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake "nje!" ya Gachanja ingekuwa ya kweli, lakini yeye alikuwa analia.

Lakini wewe ulicheka. Ulisimama pale ukacheka kabisa, mkono kiunoni, kama mtu aliyetua mzigo. Hapo ndipo tulijua hatujakudhuru sana.

Emmah wa Nakuru nimempigia simu. Nimemwambia cherehani yangu ni nzito mno kwa lori. Alicheka, akaniuliza huyo mzito anaitwa nani.

Pumzika sasa. Asante kwa miaka yote. Kaleli anataka kuongeza neno, namwachia kalamu.

Dada Nekesa, ni mimi Kaleli. Ukibadilisha nia siku moja na kurudi uwanjani, tafadhali tujulishe mapema, ili mmoja wetu ahamie meza nyingine.

Usimsikilize. Hakuna anayehama.

Ni sisi,
Waithira na Kaleli